Ndugu Wasio na Ofisi: Habari za Uamsho wa Afrika Mashariki

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matano: uamsho, toba, ushirika, kiapo, mlokole. Msiyaogope, wanafunzi. Mmekwisha kuyasikia kwa masikio miaka mingi. Leo mtayatambua kwa macho. Na kama ipo ramani ya Afrika Mashariki, itundikwe ukutani, maana tutasafiri mbali.

Somo letu ni la historia, si la dini. Najua katika madarasa yetu wamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali, wamo Waislamu, na wamo wanaoshika desturi za wazee wao. Simwiti mtu huku wala simfukuzi kule. Lakini jambo hili limewagusa watu wengi wa nchi zetu, na mtu anayejifunza kusoma anastahili kujua habari za majirani zake.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu miaka ya 1930 wako watu ambao hukutana kila wiki, sebuleni kwa mtu, au chini ya mwembe, au katika chumba cha kanisa. Husali, huimba, huambiana makosa yao waziwazi, kisha hurudi nyumbani. Hawana ofisi. Hawana kadi ya uanachama, wala daftari la majina, wala karani wa kulipwa mshahara. Ninyi mlio katika vyama vya ushirika vya kahawa au pamba mnajua kwamba chama kisicho na daftari hufa kabla ya mavuno ya pili. Hawa hawakufa. Walienea kutoka kilima kimoja cha Rwanda mpaka Uganda, Kenya, Tanganyika, Burundi na Kongo, wakavuka mipaka ya lugha na mipaka ya makanisa. Waliwezaje? Na undugu wao ulipotiwa motoni, ulishika au ulikatika?

Tazameni ramani. Mashariki ya Rwanda liko ziwa refu jembamba, jina lake Muhazi. Kando yake ni Gahini. Hapo madaktari Waingereza wa misheni ya Kianglikana walijenga hospitali katika miaka ya 1920. Mwaka 1928 alifika daktari kijana, Joe Church, aliyesoma katika chuo kikuu cha Cambridge. Alifika wakati mbaya. Njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura iliikumba nchi ile ya mashariki mwaka huo na mwaka uliofuata. Watu walikufa njiani; wengine walihamia Uganda kutafuta chakula. Daktari alifanya kazi mpaka nguvu zikamwisha, na moyo nao ukamwisha.

Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Jumapili moja, akipanda kilima cha Namirembe kwenda kanisani, alimkuta Mganda mmoja amesimama kando ya pikipiki yake. Huyo alikuwa Simeoni Nsibambi, mtu wa heshima, mwenye kazi katika Idara ya Afya. Walikuwa wamekwisha kuonana kidogo kabla ya hapo. Sasa walikaa siku mbili pamoja, Biblia mbele yao, wakitafuta na kuomba. Liangalieni vizuri jambo hili, maana mwaka 1929 halikuwa jambo dogo: Mzungu na Mwafrika wamekaa meza moja, kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba amepungukiwa. Wanahistoria wengi huanzia hapo kuhesabu habari za Uamsho wa Afrika Mashariki. Mimi ningeongeza kwamba njaa nayo ilikuwa na sehemu yake. Mtu aliyeshiba na mwenye nguvu si mwepesi wa kukiri upungufu wake.

Church alirudi Gahini. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akajitoa kuhubiri katika Kampala. Ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha.

Sasa nitawaeleza habari ya Yosiya Kinuka, kwa sababu ndani yake imo njia nzima ya watu hawa kwa ufupi. Kinuka alikuwa mkubwa wa wasaidizi katika hospitali ya Gahini. Kazi haikwenda vizuri. Palikuwa na manung'uniko mengi, na yeye alikuwa na ya kwake. Basi akasafiri mpaka Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza malalamiko yote: hospitali iko hivi, wenzangu wako vile. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamjibu kwamba ubaya ule unatoka katika moyo wa Kinuka mwenyewe. Hebu fikirini. Umesafiri mwendo mrefu kumshtaki mwenzako, nawe unaambiwa kwamba mshtakiwa ni wewe! Wengi wetu tungesusa. Lakini jibu lile lilimfuata Kinuka njiani, likamfanyia kazi, na alipofika Gahini alikuwa mtu mwingine. Baadaye akawa mchungaji.

Mwishoni mwa Desemba 1933, siku za Krismasi, palifanyika mkutano wa siku kadhaa hapo Gahini. Ulikuwa karibu kwisha bila jambo kubwa kutokea. Ndipo mtu mmoja aliposimama akaungama dhambi zake mbele ya wote. Akasimama wa pili, wa tatu, na wengine wengi wakafuata kwa muda mrefu. Mwaka 1935 Blasio Kigozi alijifungia peke yake wiki nzima katika kibanda, akiomba. Wakatoliki wana neno zuri kwa jambo kama hilo, huliita mafungo. Alipotoka alihubiri kwa nguvu mpya. Septemba mwaka huo yeye na wenzake walikwenda kuongoza mkutano mkubwa huko Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, na tangu mkutano ule habari ikawa ya nchi nzima.

Msidhani kwamba mikutano ya namna hii ilibuniwa Gahini. Uingereza, katika mji mdogo wa Keswick ulio karibu na ziwa, Wakristo wa makanisa mbalimbali walianza kukutana mwaka 1875, wakaendelea kila mwaka, wakikaa siku kadhaa kusikiliza mafundisho na kuomba. Dk. Church na wenzake walikuwa wamelelewa katika desturi hiyo. Lakini mbegu ilipopandwa katika udongo wa Afrika ilizaa tunda la namna nyingine. Mwingereza wa Keswick aliweza kutubu kimya, ndani ya moyo wake, na jirani yake asijue. Mtu wa Gahini au Kabale alitubu kwa kinywa, mbele ya shangazi yake na mkwewe na mwajiri wake, kisha akaenda kulipa.

Kulipa ndiko kulikowashangaza watu wengi. Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyekwepa kodi alikwenda kwa karani wa serikali na fedha mkononi. Vitu vya hospitali vilivyopotea vilionekana tena. Wamisheni nao hawakuachwa nyuma: wako Wazungu waliosimama mbele ya Waafrika wakaungama hasira na dharau waliyokuwa nayo juu yao. Mwalimu Festo Kivengere, ambaye tutamkuta tena, alipookoka mwaka 1941 alifunga safari ndefu kwa baiskeli kumwendea Mzungu aliyekuwa akimchukia, akamwambia kwamba chuki imekwisha na kumwomba msamaha. Yule Mzungu, nadhani, hakuwa hata na habari kwamba anachukiwa.

Sasa ngojeni niwaeleze mkutano wa kila wiki unavyokwenda, maana huo ndio uti wa mgongo wa habari yote. Watu wanaingia, wanasalimiana, wanaketi bila kufuata cheo. Askofu akiwapo ataketi karibu na mpishi. Wimbo unaanzishwa. Mara nyingi ni ule wa Kiganda unaoitwa Tukutendereza, ambao umekuwa kama hodi yao: ukiuimba mlangoni katika mji mgeni, utafunguliwa. Fungu la Biblia linasomwa. Kisha kila mwenye neno analisema. Hasemi mambo ya mbinguni tu. Anasema alivyomjibu mkewe vibaya Jumatatu, alivyodanganya dukani Jumanne, anavyomwonea wivu mwenzake aliyepandishwa cheo. Wao huita jambo hilo kutembea nuruni. Na ndugu akiona mwenzake anaficha jambo, atamwambia uso kwa uso. Mkutano unakwisha kwa sala, watu wanaaga.

Kutoka katika vikundi hivyo vidogo, ndugu wenye kuaminiwa kutoka sehemu mbalimbali hukutana kama timu, wakashauriana: wapi pana ugomvi, nani anahitaji kutembelewa, mkutano mkubwa utafanyika wapi. Hakuna kupiga kura. Mtu huwa kiongozi kwa sababu wengine wamekwisha kuzoea kumsikiliza. Ndugu msafiri hulala kwa ndugu wenyeji. Kijana anayetaka kuoa huwaeleza ndugu kwanza, na siku ya arusi hao ndio wanaobeba kuni na maji. Mjane hupata watu wa kumlimia. Kwa hiyo wasiojua huuliza, "Ofisi yenu iko wapi?" Iko katika chakula cha jioni cha mwenye nyumba.

Mwalimu, onyesha neno la tano ubaoni: mlokole. Limetoka katika Kiganda. Waganda waliwaita watu hawa Balokole, maana yake waliookolewa. Kwanza lilikuwa jina la dhihaka. Neno lilivuka mpaka, likavaa nguo ya Kiswahili, likawa mlokole na walokole, na siku hizi katika Tanzania mtu hulitumia kwa Mkristo yeyote anayesema ameokoka, hata kama hajawahi kusikia jina la Gahini. Wakikuyu waliwaita Ahonoki. Wajaluo waliwaita Joremo, watu wa damu, kwa sababu walihubiri sana damu ya Yesu.

Blasio Kigozi hakuona mambo haya yote. Januari 1936 alikwenda Kampala, akiwa ameandaa maneno makali ya kuiambia sinodi ya kanisa kwamba kanisa limepoa na linahitaji kuamka. Homa ya papasi ilimkamata, akafa kabla ya kusema. Lakini wengine waliyachukua maneno yake. Neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani Amka, likawa neno kuu la mahubiri ya mwaka 1937, kanisa la Uganda lilipoadhimisha miaka 60 tangu wamisheni wa kwanza walipofika mwaka 1877.

Si kila mtu alitaka kuamshwa. Katika chuo cha wachungaji cha Mukono, karibu na Kampala, wanafunzi walokole waliamka saa kumi za alfajiri kuomba, kisha wakawahubiria wenzao na hata walimu wao, wakisema kwamba dhambi imo chuoni na kwamba mafundisho mapya juu ya Biblia yanaipunguzia nguvu. Mkuu wa chuo aliweka amri ya kuwazuia. Walikataa kuitii. Mwezi Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, kiongozi wao akiwa William Nagenda. Ukinipa nafasi ya kuamua, sitaweza kumpa upande mmoja haki yote. Chuo lazima kiwe na saa za kulala. Na kijana anayemwambia mwalimu wake kila siku kwamba hajaokoka anachosha. Lakini kumfukuza mtu kwa sababu anaomba alfajiri ni vigumu kukueleza mbele ya watu, na jambo lile liliitia kanisa la Uganda jeraha la miaka mingi.

Hapa ndipo walipofanya uamuzi uliolinda umoja wao. Ingekuwa rahisi kujenga kanisa lao wenyewe. Wengi katika Afrika walifanya hivyo wakati ule. Walokole walikataa. Walisema, sisi tutabaki ndani ya kanisa hata kama halitupendi. Mlokole Mwanglikana alibaki Mwanglikana, Mpresbiteri alibaki Mpresbiteri, Mlutheri alibaki Mlutheri. Siku ya wiki waliketi pamoja, Jumapili kila mtu akaenda kwake. Kwa hiyo hawakuhitaji kununua kiwanja, wala kulipa wachungaji, wala kugombania fedha. Nadhani jibu la swali letu la kwanza liko hapo kwa sehemu kubwa: kisichomilikiwa hakigombaniwi.

Twendeni upesi kwenye ramani. Mwaka 1937 kundi la ndugu lilifika Kabete, karibu na Nairobi. Mwaka 1939 habari ilifika Katoke, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika chuo cha walimu, na walimu ndio waliokuwa kama posta: kila aliyehamishwa shule alibeba habari. Festo Kivengere, mtu wa kusini-magharibi ya Uganda, alikwenda na mkewe Mera kufundisha Dodoma katika miaka ya 1940, wakakaa huko zaidi ya miaka kumi. Walutheri wa Bukoba nao waliingia. Mmoja wao, Josiah Kibira, baadaye akawa askofu, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka 1955 huko Namirembe waliwekwa wakfu maaskofu wanne Waafrika kwa siku moja, nao Obadiah Kariuki wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika walikuwa ndugu wa Uamsho.

Wanawake msiwasahau. Katika baraza la wazee mwanamke wa siku zile alikaa nyuma. Katika ushirika alisimama, akasema, na wanaume wakamsikiliza, hata alipoeleza mambo ambayo mume wake angependa yabaki ndani ya nyumba. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema mbele ya watu.

Yako pia mabaya, na historia isiyotaja mabaya si historia. Watu wanaochunguzana kila wiki huweza kugeuka kuwa polisi wa mioyo. Ndugu waliamuliana juu ya nguo, juu ya mikopo, juu ya nani aoe nani. Aliyekuwa na shaka alionekana mwongo. Mkristo wa kawaida, mpole, asiyependa kuungama hadharani, aliambiwa kwamba si Mkristo bado. Katika Nyanza ugomvi ulikuwa mkali kati ya Joremo na waliojiita Johera, yaani watu wa upendo, mpaka hao Johera wakajitenga na mwaka 1958 kanisa lao likaandikishwa kwa jina la Kanisa la Kristo katika Afrika. Katika Uganda lilitokea baadaye kundi la Wazukufu, waliosema kwamba hata walokole wenyewe wamelala usingizi, nao wakakataza mambo kama vile kukopa fedha. Jinsi lilivyo jambo la wanadamu: aliyeamshwa jana leo anaamshwa tena na mwingine.

Sasa tufike kwenye moto. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza Hali ya Hatari, iliyodumu mpaka mwaka 1960. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimewaka katika nchi ya Wakikuyu. Mnajua sababu yake: ardhi iliyochukuliwa na walowezi, na watu wasio na sauti katika nchi yao wenyewe. Hasira ile ilikuwa ya haki. Wapiganaji waliwataka watu wale kiapo, na katika kiapo palikuwa na damu ya mbuzi. Ahonoki walikataa. Walisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Wengi waliuawa kwa jibu hilo. Upande wa pili serikali iliwataka wachukue bunduki waingie katika Ulinzi wa Nyumbani. Wengi wao walikataa na hilo pia, wakisema hawawezi kumuua ndugu waliyetumwa kumhubiria. Basi serikali haikuwaamini, na watu wa msituni hawakuwaamini. Katika vijiji vingine mlokole alilala bila silaha kati ya pande mbili zenye silaha.

Mtu anaweza kuwalaumu. Mpigania uhuru angeweza kuwauliza, "Ninyi mnangojea ardhi irudishwe kwa nyimbo?" Swali hilo si la kijinga, nami silifichi. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wa ndugu, alikuwa mwanyumba wa Jomo Kenyatta. Wote wawili walioa mabinti wa Chifu Koinange. Kwa hiyo ugomvi huu uliingia katika nyumba moja, mezani pa chakula. Lakini vita vilipokwisha, na watu waliokuwa wakiwindana walipotakiwa kuishi tena kijiji kimoja, ndugu hawa walikuwa miongoni mwa wachache ambao mikono yao haikuwa na damu ya upande wowote.

Katika Rwanda moto ulianza Novemba 1959. Nyumba za Watutsi zilichomwa, maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Katika kambi za wakimbizi ushirika ulianza upya, maana haukuhitaji chochote ila watu wawili au watatu. Mchungaji Yona Kanamuzeyi alifanya kazi katika sehemu ya Nyamata, mahali walipohamishiwa Watutsi wengi. Aliwahudumia wote bila kuuliza kabila. Usiku mmoja wa Januari 1964 askari walimchukua. Aliwaombea waliokuwa wakimpeleka, akatembea mpaka mtoni akiimba, wakampiga risasi. Mwenzake aliyekamatwa pamoja naye aliachiliwa, ndiye aliyetoa habari hizi.

Uganda ilifuata. Janani Luwum, Mwacholi, aliokoka Januari 1948, akawa Askofu Mkuu mwaka 1974, wakati wa utawala wa Idi Amin. Mwezi Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na uonevu wa askari. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum aliuawa. Festo Kivengere, ambaye wakati huo alikuwa askofu wa Kigezi, alikimbia usiku pamoja na mkewe, wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Mwaka uleule alitoa kitabu kwa Kiingereza ambacho jina lake, kwa lugha yetu, ni Nampenda Idi Amin. Waganda wengine walikasirika kulisikia jina hilo, nami nawaelewa. Kivengere hakuwa akimsifu Amin. Alikuwa akieleza kwamba hataki chuki ile aliyoiacha mwaka 1941 irudi tena kukaa ndani yake.

Kama habari ingeishia hapo ingekuwa rahisi kuisimulia. Lakini kati ya Aprili na Julai 1994, katika Rwanda, nchi ya Gahini, mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Jirani alimuua jirani. Watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo, na wauaji wengi walikuwa watu waliobatizwa. Baadhi ya viongozi wa makanisa walishtakiwa mahakamani. Wako pia waliowaficha majirani zao, wengine wakafa kwa sababu hiyo, na miongoni mwa hao walikuwamo wana wa Uamsho. Lakini walikuwa wachache mno kwa moto ule. Tangu hapo wanahistoria na ndugu wenyewe wamejiuliza: ilikuwaje hapo ulipoanzia Uamsho?

Nitawapa wazo langu, nanyi mlipime. Mkutano ule wa Gahini wa maungamo ulikuwa Desemba 1933. Katika miaka ileile, 1933 na 1934, serikali ya Kibelgiji ilikuwa ikiwaandikisha watu wa Rwanda na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Vitambulisho vya namna hiyo ndivyo vilivyoulizwa vizuizini mwaka 1994. Ushirika ulimfundisha mtu kusimama na kusema, niliiba jembe. Ulimfundisha hata kusema, nilimchukia Mtutsi, au nilimdharau Mhutu, na wengi walisema hivyo kwa machozi ya kweli. Lakini ile karatasi iliyo mfukoni, yenye muhuri wa serikali, nani angeiungama? Haikuwa dhambi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeiiba, kwa hiyo hakuna aliyeirudisha. Barua ya maaskofu wa Uganda ya mwaka 1977 inaonyesha kwamba watu wa Uamsho waliweza pia kuuambia utawala ukweli. Katika Rwanda viongozi wa makanisa kwa miaka mingi walikuwa karibu mno na watawala kuweza kuandika barua ya namna hiyo.

Ushirika haujafa. Katika Kenya, Uganda na Tanzania vikundi bado hukutana kila wiki, wazee wakiwa wengi kuliko vijana, ingawa katika sehemu nyingine vijana wanarudi. Katika Rwanda nako wako waliopoteza jamaa zao ambao huketi chumba kimoja na watu wa jamaa za wauaji, na kila mmoja husema lake. Yako maneno ambayo huchukua miaka kutoka kinywani.

Mwalimu, sasa zima redio kwa dakika chache. Mwanafunzi mmoja asome kwa sauti fungu linalomhusu Yosiya Kinuka, na mwingine asome fungu la karatasi yenye muhuri. Kisha darasa lizungumze: Nsibambi angemjibu nini mtu aliyemletea malalamiko juu ya kitambulisho? Wazee waliokuwa katika ushirika, kama mnao kijijini, waalikeni waje waseme walichokiona. Kwaherini mpaka wiki ijayo.